Kutafuta Baridi na Mkwe Wangu

Nyie mliobaki bondeni mmenizonga tangu niliporudi. Kisimani mnaniuliza, nje ya kanisa mnaniuliza, hata nikitwanga mpunga mtu anasimama mlangoni na kibuyu kana kwamba amekuja kuomba maji, kumbe anataka habari. Nimechoka kusema jambo lile lile. Shule yangu ni ndogo, ni ile ya masista, katekisimu na kuandika. Lakini herufi ninazijua. Naandika mara moja, anayejua kusoma awasomee wengine, na mkimaliza mniache nivune.

Kilichoniondoa hapa mnakijua. Binti yangu Yusta amezika watoto wawili, wote katika ile miezi ambayo jua linatafuna nchi na mvua haijaja. Wa kwanza alifia Mpanda, kwenye chumba cha bati. Wa pili tulimleta hapa kwangu, tukasema paa la nyasi litamsaidia. Joto la bonde letu likammaliza mikononi mwangu, mwili umejaa vipele, mdomo wazi kama kifaranga. Yusta alipobeba mimba ya tatu nikaona kwamba mtoto atakuja katika miezi ile ile. Nikasema huyu hazaliwi kwenye joto. Nitamtafutia baridi hata kama imefichwa chini ya jiwe.

Kutoka bondeni mpaka Mpanda

Niliondoka na wachuuzi wa mchele, kwa miguu, kiangazi kimeshakomaa. Nyasi zote zilikuwa zimeungua na majivu yake yanaingia puani. Mto Katuma tuliukuta umekufa, limebaki dimbwi moja la tope, na viboko wamejazana humo mmoja juu ya mwingine, wanagombania mahali pa kulaza tumbo. Ikabidi tukae mbali tusubiri, maana wawili walikuwa wametoka na wamesimama njiani kwa hasira.

Mchuuzi mmoja mwenye maneno akasema, "Bibi, hawa wangekuwa na akili wangehamia Ufipa."

"Na wewe ungekuwa na akili," nikamwambia, "usingekuwa unaota jua hapa unawangoja."

Wenzake wakamcheka mpaka akanuna. Lakini neno lake lilibaki kichwani. Ufipa kuna baridi, kweli. Ila mume wa Yusta ni Mkonongo, huko hana ndugu wala rafiki, na ardhi ya kule ina wenyewe. Nikaendelea na njia, michembe mfukoni, natafuna kiazi kikavu na kuwaza.

Majengo, chini ya bati

Yusta na mumewe walipanga chumba kimoja mtaa wa Majengo. Mume alikuwa anafanya kazi mgodini. Nilifika mchana. Kuku wote wa mtaa ule walikuwa wametanua midomo, mabawa yameachana na mbavu. Nikasema moyoni, mahali kuku anashindwa kufunga mdomo, mtoto mchanga atafanya nini? Nikaweka kiganja changu kwenye ukuta. Ulikuwa wa moto kama chungu cha jikoni.

Sasa hapa lazima niandike mila, maana wajukuu zenu wanaosoma mbali wanaanza kuisahau. Mimi na mkwe wangu hatuonani. Jina lake silitaji, na hapa halitaandikwa. Akija, napisha njia, najifunika kanga. Nikiwa ndani, yeye haingii. Hatuli pamoja, hatusemezani, maneno yanapita kwa Yusta. Siku ya kuiondoa haya hiyo ipo. Mama mkwe anamwonyesha mkwe moto. Jogoo anachinjwa, pombe inapikwa, wazee wa pande mbili wanakaa, na mkwe anaitwa jikoni kwa mara ya kwanza auone moto wa mkwewe. Baada ya hapo ni mama na mwana. Lakini moto hauonyeshwi mpaka mtoto wa kwanza atembee. Anayeuonyesha kabla, wazee husema, anamchomea mtoto njia ya kuja. Kwetu hakuna mtoto aliyetembea. Kwa hiyo miaka yote hiyo mimi na yule kijana tulikuwa tunakimbiana kama paka na panya, kila mmoja anadhani yeye ndiye panya.

Jioni akirudi kutoka mgodini, mimi natoka nakaa uani kwa jirani. Yusta anakuja na maneno yake.

"Mama, anasema ana rafiki ziwani, Karema. Anasema kule upepo haukatiki."

"Mwambie twende."

"Anasema ataacha kazi."

"Mwambie kazi haizai mtoto."

Akaacha. Si kila mwanaume angeacha. Hilo nililiona, ila sikuwa na njia ya kumwambia.

Lori la kwenda ziwani

Tulipanda lori la mizigo. Mkwe alikaa mbele kabisa juu ya magunia, uso ameuelekeza kwenye njia. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimempa mgongo. Yusta katikati na tumbo lake, anashika gunia kila shimo. Dereva alikuwa mtu wa pwani, mcheshi, hajui mambo yetu. Kila tukisimama kupoza injini ananiangalia, kisha anamwangalia mkwe, anatikisa kichwa.

Mwisho akashindwa kuvumilia. "Bibi, samahani. Huyu kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Mbona humtazami? Msamehe, Bibi. Dunia ni mapito."

"Simtazami kwa sababu namheshimu."

Akaenda kwa mkwe kumuuliza upande wake. Mkwe akamjibu vile vile. Dereva akarudi kwenye usukani anasema peke yake, "Huku bara watu wakiheshimiana hivi, wakichukiana inakuwaje?"

Mbele tukafika kwenye kizuizi cha mbung'o. Wanaowajua mbung'o wanajua kwamba serikali haitaki wasafiri na magari, wasije wakapeleka ugonjwa wa malale nchi nyingine. Lori linaingizwa kwenye banda lenye giza, milango inafungwa, nzi wanakimbilia tundu la mwanga na mlinzi anawakamata kwa wavu. Abiria nao wanapanguswa nzi humo humo. Mlinzi akasema tuingie wote.

"Huyo akiingia mimi siingii," nikasema.

"Bibi, amri ni amri. Watu wote pamoja."

"Siwezi kufungiwa gizani na mkwe wangu."

Watu wakaanza kucheka, wengine kulalamika. Mlinzi akapandisha sauti, akasema nzi hajui mkwe. Nikakaa chini kwenye vumbi. Mkwe naye akakaa chini upande wake wa barabara. Jua liko utosini, lori limezimwa, Yusta anatutazama kwa zamu. Abiria mmoja Mnyamwezi ndiye aliyetuokoa. Alimwambia mlinzi, "Ndugu yangu, mimi nikilazimishwa hivyo na mama mkwe wangu nitarudi Tabora kwa miguu. Wafungie mara mbili." Basi lori likaingia na mimi, likatoka, likaingia tena na mkwe. Nusu ya mchana iliishia pale. Dereva hakunipa tena mawaidha.

Karema

Rafiki wa mkwe alikuwa mvuvi, na mkewe anaitwa Bi Mwajuma, mchuuzi wa dagaa, Mwislamu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye mitumbwi. Walitupokea vizuri sana. Tulikula migebuka ya ziwani iliyopikwa kwa mawese na ugali wa muhogo, mpaka Yusta akanenepa mashavu. Kwa chakula sina neno baya.

Ila joto! Nyie mnadhani mnalijua joto. Letu ni kavu, linakupiga usoni kama mlango wa tanuri na unajua limekupiga. La ziwani ni joto lenye maji. Linakukumbatia. Upepo upo asubuhi, ukifika mchana unakufa, na maji yanang'aa kama bati lingine. Mbu wakubwa. Kanga yangu haikukauka tangu nilipofika. Siku ya pili tu nilijua kwamba hapa si mahali petu.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Mkwe akamtuma Yusta: "Muulize mama anapaonaje hapa." Mimi ningesemaje? Mkwe ameacha kazi, ametuleta kwa rafiki yake, tunakula samaki wa rafiki yake. Kudharau alichokileta mkwe ni kumvua nguo. Nikasema, "Mwambie pazuri." Yeye alipopata jibu hilo akaenda kukata miti ya nyumba. Nilipoona anakata miti nikasema ahaa, amepapenda, huyu hatoki tena. Nikachukua mundu nikaenda kukata nyasi za paa, asije akasema mama mkwe wake ni mvivu. Alipoona nakata nyasi akachimba mashimo ya nguzo kwa haraka zaidi. Yusta katikati, anatoka jasho, tumbo limeshuka, anatutazama tunavyoshindana, hasemi kitu, maana anadhani sote tumepachagua.

Nguzo zilikuwa zimesimama, na fito zimeanza kufungwa, Bi Mwajuma aliponikuta kwenye nyasi.

"Bibi," akasema, "nyie watu wa bara mna mambo. Hebu niambie, hapa unapapenda?"

Sikutaka kumuudhi mwenyeji. Lakini jua lilikuwa limenichosha. "Bi Mwajuma, nisamehe. Hapa najisikia kama muhogo uliofunikwa sufuriani."

Akaangua kicheko, akapiga paja. "Na mkweo kila siku akivuta tumbako na mume wangu anasema hivyo hivyo! Anasema anakufa kwa joto, ila mama mkwe amepapenda, atafanyaje! Mume wangu alinikataza nisiseme. Nimejizuia mpaka mbavu zinauma. Ee Mungu wangu, watu wawili wanajenga nyumba ambayo hakuna anayeitaka!"

Nikasimama na mundu mkononi. Sikucheka. Nikaenda moja kwa moja kwa Yusta aliyekuwa amelala chini ya kivuli cha wavu. "Na wewe? Unapataka hapa?"

Akaanza kulia. "Mimi nilidhani nyie mnapataka."

"Nyamaza. Kamwambie mumeo ang'oe nguzo awaachie wenyeji. Tunaondoka. Na umwambie hivi: akiniuliza tena, nitasema kweli, hata kama inauma."

Akarudi na jibu. "Anasema asante. Anasema na yeye."

Lakini wakati ulikuwa umetupita. Jua la kutafuna lilikuwa limeshaingia, na mtoto karibu.

Kupanda

Mvuvi alikuwa amesikia kwa warina asali kwamba juu, milima ya Mwese, watu wanaamka asubuhi wanapumua moshi kwa baridi. Tukafuata njia ya Sibwesa, mwendo wa Yusta, yaani hatua chache na kupumzika. Mkwe mbele na mizigo, anavunja matawi na kuyalaza njiani tujue alikopita. Akipata maji anaacha kibuyu kimejaa kwenye jiwe na kwenda kukaa mbali. Mimi na Yusta tunafika, tunakunywa, tunamwachia kibuyu, tunatangulia kidogo, yeye anakuja kukichukua. Safari nzima tulikwenda hivyo.

Sibwesa watu walitupokea, wakatupa mahindi ya kuchoma na kutuonyesha ardhi nzuri nyeusi. Mwenyeji mmoja akasema, "Kaeni, jamani, huyu dada hawezi kupanda mlima na mzigo huo." Yusta mwenyewe alitaka kukaa. Nikatazama kuku wa pale. Midomo wazi. Nikasema twende.

"Mama, nitazalia njiani."

"Zalia njiani, lakini njia iwe ya baridi."

Mnasema mimi mkali. Ndiyo. Kama ningekuwa mlaini tungebaki Karema tunaezeka.

Tulipofika juu, kitu cha kwanza kilichonipiga ni ukimya wa jasho. Nilijifuta shingo kwa mazoea, mkono ukarudi mkavu. Mrina asali mmoja Mbende na mkewe walitupa kibanda chao cha zamani, cha mviringo, chenye jiko la mafiga matatu katikati. Chumba ni hicho hicho kimoja. Walitupa pia mahindi na asali kwenye kibuyu, na hawakutuuliza maswali mengi.

Alasiri moja ukungu ukashuka na manyunyu ya mvua ya kwanza. Jamani, baridi ile! Inaingia kwenye mifupa kama fundi mwenye kisu. Nikajua jambo ambalo sikuliwaza tangu nianze safari. Katika nchi ya joto kukimbiana na mkwe ni kazi nyepesi, kila mtu anatafuta upepo wake, huyu barazani, yule uani. Huku juu kuna moto mmoja tu, na wote mnautaka.

Nilikuwa nimetoka nje kumpisha, nimejibanza chini ya ukingo wa paa. Yusta akatoa kichwa mlangoni.

"Mama, ingia."

"Mumeo yuko ndani."

"Ametoka ili uingie."

Nikachungulia. Yuko upande wa pili wa kibanda, amejikunyata, maji yanamdondokea.

"Mwambie aingie, mimi nimeshiba moto."

Yusta akazunguka, akarudi. "Anasema ingia wewe. Anasema hana baridi."

"Mwambie hata mimi sina."

Meno yake nilikuwa nayasikia kutoka upande wangu. Yangu nadhani aliyasikia. Yusta akatutazama, huku na huku, akashika kiuno.

"Basi huo moto namkokea nani? Na mimi nitakaa nje." Akatoka, na tumbo lile, akakaa chini kwenye manyunyu.

Mke wa mrina asali alikuwa anakuja na kuni kichwani. Akasimama, akatutazama watatu tumelizunguka banda lenye moto ndani. "Hee! Nyie mlikuja kutafuta baridi au kuichunga?"

"Mama, yule ni mkwe wangu."

"Naona. Lakini huku baridi haina mkwe. Na huyu binti ukimwacha hapo, hutahitaji mkwe tena."

Neno hilo lilinikata. Nikafikiria. Jogoo hakuna. Pombe hakuna. Wazee wako mbali. Mtoto hajatembea, hajazaliwa hata. Nikiuonyesha moto leo, nitakuwa nimemchomea njia kama wazee wanavyosema, na Yusta amezika wawili tayari. Nisipouonyesha, baridi niliyoitafuta kwa miguu yangu itamuua kabla ya joto. Nilisimama pale sijui muda gani, na mimi si mtu wa kusimama.

Kisha nikaingia, nikachomoa kinga cha moto jikoni, nikazunguka kibanda mpaka upande wake. Kanga sikujifunika.

"Baba," nikamwambia, neno la kwanza katika maisha yangu kumwambia. "Moto wa nyumba yangu ni huu. Uone."

Akatazama chini. Nilidhani atakimbia. Akapiga magoti kwenye tope, akapiga makofi taratibu kama mila inavyotaka, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. "Mama, nimeuona."

"Basi ingia ndani, utapata homa."

Tulikula mahindi na asali kwenye sahani moja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Yusta alikuwa analia na kutafuna.

Kungoja

Alijifungua wiki ile ile, mke wa mrina asali na mimi tukimshika. Mtoto wa kike. Mkwe alikuwa nje anapasua kuni nyingi kuliko tunazoweza kuchoma mwaka mzima.

Tangu hapo sikutulia. Kila asubuhi nilimfunua mtoto natafuta vipele. Nilimnusa kichwa, nilimgusa miguu. Akikohoa nasimama, akinyamaza nasimama. Yusta akasema, "Mama, unamwamsha wewe." Mkwe, ambaye sasa alikuwa amepata mdomo, akasema, "Mama, kaa chini kidogo, mimi nitatembea badala yako." Nikamwambia atafute kazi. Akacheka. Alikuwa anafyeka shamba la maharage, mikono imechubuka.

Miezi ile ya kutafuna ilipita huku chini kwenu. Kule juu ilipita na ukungu. Mvua ikashika, mtoto akanenepa shingo, akaanza kucheka na moto. Hakupata kipele hata kimoja. Yusta alikuwa amekataa kumpa jina mpaka miezi hiyo ipite. Ilipopita akampa, na siku hiyo ndiyo alilala mchana kwa mara ya kwanza.

Kurudi

Kushuka nilishuka peke yangu, mvua zilipopungua, na joto likaja kunipokea njiani kama ndugu anayedai zawadi. Lori nililopanda lilikuwa na dereva yule yule. Akaniuliza, "Bibi, kijana yuko wapi? Mlipatana?" Nikamwambia tulipatana. Akafurahi sana, akasema ni mawaidha yake. Nikamwachia furaha yake.

Sasa maneno yenu. Nimesikia. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amenuna, anasema moto ulionyeshwa bila yeye, bila jogoo, na mtoto hajatembea. Anasema tungoje tuone. Wifi, mimi nangoja zaidi yako. Nilikuja kukwambia haya uso kwa uso, nawe ukafunga mlango, kwa hiyo nakuandikia mbele ya watu. Niliogopa, na bado naogopa. Nalala hapa kwangu tangu nirudi na usingizi haushiki. Si joto peke yake. Nasikia mtoto anakohoa mahali nisipoweza kufika.

Aliyewaambia kwamba nimerudi kukaa amewadanganya. Nimerudi kuvuna na kuaga makaburi. Mpunga ukiingia ghalani nafunga mzigo kurudi Mwese, na safari hii sipumziki Karema. Shamba langu la bondeni, lile la karibu na mfereji, sitalilima tena. Halina ugomvi wala mpaka wa kubishania. Wa kwanza kufika na jembe ndiye mwenyewe.